Nilivua miwani ndipo nikaliona jalada

Nyekundu ni hatari, nyekundu ni mapenzi. Mtu akikupa ushauri huo wakati una kazi ya kuchambua jalada la jarida la muziki, mshukuru kisha mkimbie. Mimi sikukimbia.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa London, mchana napanga maboksi ghalani, jioni nasoma kozi ya habari. Binamu yangu alikuwa ameimaliza kozi hiyohiyo mwaka uliotangulia, akanikalisha kitako kunipa siri. "Kaka, wale wanataka mishale tu. Taja kila kitu kilichopo, chora mshale, sema rangi ina maana gani. Mishale mingi, maksi nyingi."

Nikanunua jarida la muziki liitwalo Q, pauni nne na ushee, nikachora mishale kumi na saba. Jina la jarida, mshale. Picha ya msanii, mshale. Vichwa vya habari vya pembeni, kila kimoja na mshale wake. Na kwa kuwa nilitaka kumpita binamu, nikashuka mpaka kwenye bakodi. Nikagundua kwamba bakodi ya jarida huanza na 977, tarakimu zilizotengwa kwa magazeti na majarida, kisha hufuata namba ya utambulisho ya jarida lenyewe. Nikajiona mpelelezi. Nikaijazia robo ukurasa, bakodi peke yake!

Kazi ilirudi imeandikwa kwa penseli. Pembeni mwa ile robo ukurasa: "Kwa hiyo?" Pembeni mwa nyekundu yangu ya hatari na mapenzi: "Mwezi uliopita ilikuwa rangi gani?"

Lile la pili lilinikosesha usingizi. Maana mwezi uliopita ilikuwa nyekundu, na mwezi wa kabla yake pia. Herufi nyeupe ndani ya mraba mwekundu, ndivyo Q ilivyokuwa inajitambulisha. Kama nyekundu ni hatari, wasomaji wake walikuwa hatarini miaka nenda rudi. Ile ni sare ya jarida, kama sare ya shule. Huwezi kumtazama mwanafunzi mwenye shati jeupe ukasema leo kaamka na moyo safi. Cha kuulizia ni kile kilichobadilika mwezi huu.

Jumamosi nikaenda duka la magazeti kutazama majarida yanavyokaa rafuni. Hapo ndipo ujanja ulipoanza, na aibu pia. Yalikuwa yamelaliana, kila moja limefunikwa na jirani yake, unachoona ni ukanda wa kushoto tu, kama theluthi ya jalada. Kumbe ndiyo maana ule mraba mwekundu unakaa kona ya juu kushoto! Jina lote la jarida linaingia kwenye kipande kisichofunikwa. Baadaye nilisoma kwamba mwanzoni walitaka kuliita Cue, linalotamkwa sawa na Q, wakaogopa watu watadhani ni la snuka, ule mchezo wa mipira ya mezani ambao fimbo yake pia huitwa cue, na tena herufi moja inaonekana vizuri zaidi rafuni. Hayo binamu hakuniambia.

Sasa mimi sioni mbali. Nikivua miwani, mtu aliye hatua tano ni doa lenye miguu. Nikawaza: mteja anayepita mbio kuwahi treni naye si anaona madoa tu? Nikavua miwani. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, macho rafuni, nione lipi litapotea la kwanza. Vichwa vidogo vikayeyuka mara moja. Majina ya wasanii yakafuata. Nyuso zikabaki, kila uso doa lenye matundu mawili meusi, na kila macho yaliyokuwa yakitazama kamera niliendelea kuyahisi. Mraba mwekundu ukagoma kabisa kupotea. Nikazidi kurudi, nikazidi kufurahi, mpaka nikaangusha stendi ya kadi za siku ya kuzaliwa. Mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Ningemwelezaje? Nikanunua Mojo, jarida jingine la muziki, kwa aibu, hata bei sikuitazama.

Nyumbani nikarudia kwa usalama, majarida juu ya kabati la viatu, mimi mlangoni pa jiko. Kichwa cha msanii kilikuwa kimeziba sehemu ya jina la Mojo, na bado nililitambua bila miwani. Jarida lililoanza jana lisingethubutu; hilo linajua wateja wake wanalijua. Kerrang!, jarida la muziki wa roki, ndilo lilinichekesha. Jina lenyewe ni mlio wa gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu, na herufi zake zina nyufa kama kioo kilichovunjika. Kwa mbali nyufa zilikuwa bado zinaonekana, kama kelele yenyewe imepita pale.

Kidogo niridhike. Bahati, jioni ile nilimpigia shangazi Tanga. Baada ya shikamoo na habari za wote nikamweleza shida yangu, nikamwambia jalada ni kama kanga: lina pindo, lina mji, lina jina. Yeye akauliza palepale, "Haya, na jina lake linamsema nani?" Mtu wa Tanga hanunui kanga bila kujua jina linamwendea jirani yupi. Na mimi nilikuwa nimehesabu kila kitu kwenye jalada bila kumtafuta huyo jirani. Usiku ule nilivisoma upya vichwa vya habari, na kila kimoja nikakiuliza swali la shangazi. Kerrang! ilikuwa inatangaza mabango ya kubandika ukutani: inamsema kijana mwenye chumba kwa wazazi. Mojo inamsema baba yake.

Kazi ya mwisho tulitakiwa jalada la zamani. Nikachagua Rolling Stone, jarida la Marekani, la 22 Januari 1981: John Lennon, yule mwanamuziki wa Beatles, na mkewe Yoko Ono, picha iliyopigwa na Annie Leibovitz. Nakiri, nilianza vibaya. Nilidhani wamesimama, kwa kuwa ukurasa umesimama. Nikaandika aya nzima juu ya "kumbatio la wima". Kisha nikaona nywele za Yoko zimetawanyika kwenye zulia. Wamelala sakafuni, mpiga picha yuko juu yao! Aya ikaenda pipani.

Nikavua miwani. Likabaki umbo jeusi lililonyooka na umbo jeupe lililojikunja juu yake, kama mtoto kwa mamaye. Yoko amevaa nguo nyeusi, Lennon hana hata uzi. Swali la shangazi halikuwa na pa kushika, kwa sababu zaidi ya jina la jarida hakuna kichwa cha habari hata kimoja. Picha ilipigwa 8 Desemba 1980, na usiku wa siku hiyohiyo Lennon akapigwa risasi New York, akafa. Jalada lilipotoka, kulikuwa na msomaji gani wa kuelezwa?

Ila kilichonipa kiburi nilikiona mwenyewe. Toleo la kwanza la Rolling Stone, Novemba 1967, pia lilikuwa na Lennon: amevaa kofia ya chuma ya kijeshi na miwani ya duara. Nikayaweka mawili ubavu kwa ubavu. Kofia imeondoka, nguo zimeondoka, macho yamefumbwa. Na miwani kaivua.

Maksi sitaji, nisionekane najisifu, lakini mara hii penseli haikuuliza kitu. Binamu aliomba kuiona kazi. Akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Sawa kaka. Sasa mishale iko wapi?"