Kai

Saa saba ya usiku, Chanthaburi, Thailand. Kuna neno moja limekataa kulala, basi nami nimekaa nalo.

Mlioniuliza: ndiyo, hatimaye nimepelekwa kwao Kito, mpenzi wangu wa huku. Jumatatu tulipanda basi la usiku hadi Roi Et, kaskazini-mashariki ya nchi wanakosema Kilaosi, Alhamisi tukarudi. Viza imeongezwa, dada kajifungua mtoto wa kike, vito vyangu vya spineli kutoka Matombo vimepata mnunuzi leo sokoni kwa bei ambayo nisingethubutu kuiomba. Hayo nitayasimulia nikipata akili. Sasa hivi akili iko mkekani, Roi Et.

Tumekaa chini, miguu nimeikunja upande nisije nikamwelekezea mtu unyayo. Wali wa kunata uko kwenye vikapu vya mianzi, papai bichi limetwangwa kinuni na pilipili ya kumwadhibu mwizi, na kuku wa kuchoma yuko katikati. Tunakula kwa mkono kama nyumbani. Mama yake akanitazama, akamtazama mwanawe, akaanza kusema. Alisema kama anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Katika yote yale nikadaka neno moja, mara mbili: kai.

Kito akanigeukia. "Mama anasema ule, Phi." Phi, yaani kaka, ndivyo anavyoniita.

Risala nzima, tafsiri yake "ule".

Kilaosi cha kwao kimenitega. Kai ni kuku. Kai ni mbali. Kai ni karibu. Kinachoyatenganisha ni sauti tu, kupanda na kushuka, na sikio langu la Kiswahili halina mizani ya kupimia hilo. Kwa hiyo mama mtu aliniambia chukua kuku, au sogea karibu, au kwenu ni mbali. Mara mbili. Na kama ya kwanza ilikuwa kuku na ya pili mbali?

Ndani ya basi nilijaribu.

"Mama alisema nini pale?"

"Alisema ule."

"Maneno yote yale?"

"Alisema ule sana." Akaegemea dirisha, akafumba macho. Hakuwa amelala. Namjua akilala.

Mnajua Kito ni kitindamimba. Kwao aghalabu binti wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Nyumba huwa yake, na uzee wao pia huwa wake. Mwisho wa mwezi hutuma pesa kwao kabla hajalipa kodi ya chumba, na siku niliyomwuliza kwa nini asianze na kodi alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua. Sasa mtu wa hivyo unamwambia mama yake unatoka Morogoro?

Mama yake mkubwa alishataja sinsod, yaani mahari, pamoja na dhahabu baht tano. Nilifurahi kwa sekunde mbili nikidhani ni sarafu tano za Thailand. Kumbe baht ya dhahabu ni uzito, gramu 15 na ushei. Sawa. Hilo halininyimi usingizi. Mkaja wa mama naujua, na wao sinsod huiita pia bei ya maziwa, kwa hiyo hapo tunaelewana bila mkalimani. Deni la fedha lina mwisho. Mbali unailipa kwa kitu gani?

Jioni nikampigia Mama yangu, Morogoro. Huku saa nne, kwao jua ndiyo linazama. Nikamsimulia yote, na sauti nikaziigiza, vibaya.

"Alikupa kipande gani?" akauliza.

"Cha nini?"

"Cha kuku, mwanangu. Nakuuliza la maana."

Nikakumbuka. Paja. Alilichomoa mwenyewe kwa vidole vyake, akaliweka juu ya wali wangu, ndipo akasema yale maneno.

Mama alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mtu humpi paja unayetaka aondoke. Huyo ni kuku, baba. Kuku tu."

Jamani, nililewa bila pombe. Nilishuka kununua maembe na wali wa kunata kwa yule mama wa kona, nikamwamkia kwa viganja viwili hadi akashangaa, nikapanda ngazi naimba. Kuku! Siku tatu najitesa kwa ajili ya kuku. Nikampigia Mama tena ili tu nicheke naye.

Hakucheka. "Mjomba wako umemwambia?"

Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama. Bila mjomba hakuna posa. "Bado, Mama."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuni zikivunjwa upande wa pili.

"Mwambie," akasema. "Ila usimwambie ni mbali kiasi gani."

Nimejaribu kukumbuka sauti yake aliposema *mbali*, kama ilipanda au ilishuka. Kiswahili nakijua tangu tumboni na bado sikupata jibu.

Basi nikatoa mzigo wa safaya za Tunduru ambao dalali aliurudisha jioni, nipate cha kufanya. Uliondoka una karati 38.6. Nimepima mara tatu, 38.1. Mawe nimeyahesabu, yako 14 kama yalivyoondoka. Yaani kuna moja hapa si langu. Nimeyapanga yote kwenye karatasi nyeupe chini ya taa, na sijui ni lipi.