Mkate wa mezani Lisbon si wa bure, jamani

Euro sita na nusu. Za mkate! Kwa shilingi yetu ni karibu elfu moja, na nyinyi wa Mombasa mwajua elfu moja ni sahani ngapi za pilau.

Huu mwaka wa pili natunza wazee Bremen, Ujerumani, na hii ndiyo likizo yangu ya kwanza ya kwenda mahali nisipodaiwa zawadi na mtu. Siku nne Lisbon. Nikaketi mkahawani karibu na mto, nikaagiza samaki wa kuchoma. Hata koti sijamaliza kulivua, kijana kashaweka mkate, siagi, zeituni na kipande cha jibini. Nikasema moyoni, mashallah, wakarimu hawa. Kwetu ukiingia hotelini kachumbari, ndimu na pilipili vinakuja vyenyewe. Nani aliwahi kutozwa ndimu? Nikala zeituni zote, kokwa nikazipanga ukingoni mwa sahani.

Risiti ikaja: "Mesa 4", chini yake "couvert", yaani ule mkate na wenzake. Kuuliza, naonyeshwa menyu, maandishi madogo kama sisimizi. Usipougusa hulipi, ukiugusa umeununua. Ndiyo utaratibu wao, na mimi kokwa zangu zilikuwa pale zikinishuhudia.

Hiyo "mesa" ndiyo iliyonichekesha kidogo. Meza, bendera, leso, foronya, karata, vyote maneno ya hawa Wareno. Na gereza, ambalo kwao ni kanisa.

Nikapanda tramu namba 15 hadi Belém, nikaingia kanisa la Jerónimos. Karibu na mlango, Vasco da Gama, yule baharia wao. Amelala, jiwe tupu, viganja kavikutanisha kama aombaye, kaburi limebebwa na simba. Huyu bwana nilimjua darasa la sita, tulipopelekwa Malindi kuona mnara wake wenye msalaba, mwalimu akatukaririsha "1498" mpaka ndani ya basi. Hakutuambia kuwa Aprili hiyo hiyo alianzia Mombasa, mambo yakaharibika, ndipo akasogea Malindi. Wala kwamba 1505 wenzake walirudi Mombasa wakauchoma mji, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Nani aliwaagiza? Nikasimama pale nauwaza ule mkate.

Mama mmoja mtalii akaniomba nimpige picha na kaburi. Nikampiga mara mbili, ya kwanza alifumba macho.

Mnaoniuliza kama Ureno kuna kazi, mimi mgeni wa siku nne, sijui. Ninachojua, kibali changu cha Ujerumani kimenifikisha huku bila viza nyingine, na kile Kijerumani nilicholia nacho usiku Kisauni nikitafuta cheti cha kiwango cha B1 leo kimenilipa. Jifunzeni lugha kabla ya kuuza shamba la babu. Na mkija kutembea, viatu vya soli nzito: njia zao ni vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinateleza kama sabuni, na mji wote ni vilima. Nimepanda ngazi leo kuliko mwaka mzima Bremen. Lakini mwanga wa jioni ule, juu ya mto, sina la kuwaambia. Nilikaa ukutani saa nzima sifanyi kitu.

Usiku mkahawa mwingine, mkate ukaja. Nikausukuma kwa kidole kimoja hadi mwisho wa meza. Mhudumu akauondoa, wala hakununa.