Barua ya Yeremia, Magoti ya Danieli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko letu la juma hili ni Danieli 9:2-3. Mistari hii huwa tunaipita mbio tukiyawahi yale majuma sabini ya mwisho wa sura, ambayo hesabu zake zimegombanisha wengi. Leo tubaki hapa mwanzoni, Danieli anaposema alifahamu "kwa kuvisoma vitabu". Mfasiri wa ndoto za wafalme, mtu anayetembelewa na malaika, ameketi anasoma maandishi ya nabii mwenzake. Tena anamtaja kwa jina: Yeremia.

Maandishi hayo yalipita motoni kwanza. Fungua Yeremia 36. Ni mwaka wa nne wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, yapata 605 KK, na Yeremia amezuiwa asiingie nyumbani mwa Bwana. Basi anamtamkia Baruku, mwandishi wake, Baruku anaandika kwa wino, kisha Baruku ndiye anayekwenda kuwasomea watu. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, kitabu kikafika mbele ya mfalme. Mfalme ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Mtu mmoja aitwaye Yehudi ndiye anayemsomea; akishasoma kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Anasomewa tena, anakata tena, mpaka kitabu chote kikateketea. Wakuu watatu walimsihi asikichome, hakuwasikiliza. (Mimi kile kisu kinaniuma kuliko moto wenyewe. Ni kifaa cha kazi ya mwandishi!) Yeremia akachukua kitabu kingine, Baruku akaandika upya, na yakaongezwa maneno mengi mfano wa yale.

Baadaye akawaandikia barua wahamishwa wa Babeli, ile ya sura ya 29. Jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni amani mji mliohamishiwa, kwa maana uhamisho wenu ni wa miaka sabini. Watu hawakuipokea kwa furaha. Shemaya aliandika kutoka huko huko Babeli akiuliza kwa nini Yeremia hajakemewa na kufungwa. Manabii wengine walikuwa wanatabiri kurudi upesi, na nani asiyependa kuambiwa kwamba shida yake inaisha hivi karibuni?

Miaka ikapita. Babeli ikaanguka 539 KK. Katika mwaka wa kwanza wa mfalme Dario, Danieli, sasa mzee, anasoma hesabu ile ile iliyomkasirisha Shemaya. Hapa ndipo ninapoona uzito wa andiko letu. Angeweza kupiga hesabu, akafurahi, akaanza kufunga mizigo. Yeye anafunga kula, anavaa magunia, anajipaka majivu, anaomba. Kwa nini? Barua ilikuwa imesema hivyo. Baada tu ya ile miaka sabini inakuja ahadi ya 29:12-13, kwamba watamwita Mungu na kumwomba, naye atawasikiliza, na watamwona wakimtafuta kwa moyo wote. Danieli hakuishia kwenye tarehe. Aliendelea kusoma mstari uliofuata, akautenda.

Sikilizeni pia maneno anayoomba nayo. "Wala hatukuwasikiliza watumishi wako manabii." Hiyo ni sauti ya Yeremia kabisa. Katika sura za 7, 25, 26 na 29 analia vivyo hivyo, kwamba Mungu aliwatuma watumishi wake manabii na watu hawakusikia. Ila Yeremia alikuwa akiwaambia watu "ninyi". Danieli, ambaye maisha yake hayana doa tunaloweza kulionyesha, anasema "sisi". Alilichukua neno la mwandishi aliyemtangulia, akaingia ndani yake yeye mwenyewe pamoja na taifa lake. Nadhani msomaji hawezi kumheshimu mwandishi kuliko hivyo.

Mambo ya namna hii yametokea hata nje ya Biblia. George MacDonald, mwandishi Mskoti, alikuwa mchungaji huko Arundel, Uingereza. Baadhi ya washirika hawakuyapenda mafundisho yake, wakampunguzia mshahara, na mwaka 1853 akaiacha madhabahu ile. Akaendelea kuandika. Alifariki 1905. Mwaka 1916 kijana asiyemwamini Mungu, C. S. Lewis, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa Kikristo, alinunua katika kibanda cha vitabu kwenye stesheni ya treni hadithi ya MacDonald iliyotoka 1858. Lewis alikuja kumwamini Kristo 1931, na hakuficha kamwe kwamba MacDonald alikuwa mwalimu wake. Miaka 15 ni mingi kwa kitabu kimoja kufanya kazi yake, lakini wahamishwa wa Babeli walingoja zaidi.

Danieli anamtaja Yeremia, Baruku hamtaji. Na Baruku ndiye aliyeandika kwa mkono wake, mara mbili. Sura ya 45 inatuonyesha akiugua kwa uchovu, na Bwana anamwambia, "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Anaahidiwa uhai wake tu, popote atakapokwenda.

Juma hili tusome Yeremia 29 na Danieli 9 katika kikao kimoja, kalamu mkononi, tukiweka alama pale maneno ya mmoja yanapotokea kinywani mwa mwingine. Na katika maombi tuwakumbuke wanaoandika mahubiri, wanaotafsiri, wanaonakili na kusahihisha, hasa wale ambao majina yao hayaandikwi juu ya jalada.