Siku Baba Alipomtaja Mdogo Wangu

Baba alikuwa ametimiza miaka miwili kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kila mara muda wa saa nne hivi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka na kumrudisha, mimi ndiye niliyemhesabia vikombe vya maji asizidishe. Kwa hiyo daktari alipotuita pamoja na mdogo wangu, akamuuliza Baba angependa atibiwe vipi hali ikizidi kuwa mbaya, nilidhani jibu nalijua.

"Daktari, mbona unamkatisha tamaa?" nikadakia. Baba akaninyoshea kiganja ninyamaze.

Akasema, kama mtu aliyekwisha kulala na jambo hilo usiku mwingi. Mashine anaitaka, maadamu bado anatutambua. Siku akili ikipotea moja kwa moja, tusimpeleke tena. Moyo ukisimama, asishindiliwe kifua. Kisha akauliza nisilothubutu kuuliza mimi: akiacha mashine, atachukua siku ngapi? Daktari hakuzungukazunguka. Figo zikiwa hazifanyi kazi kabisa, mara nyingi ni kama wiki moja, wengine pungufu, wengine zaidi. Dawa za kutuliza kichefuchefu, muwasho na kubanwa pumzi zitaendelea. Hutaachwa, akamwambia. "Sitaachwa," Baba akarudia polepole.

Kwenye karatasi ya matakwa yake ikabaki nafasi ya jina la atakayemsemea asipoweza kusema. Nikasogeza kiti. Akamtaja mdogo wangu.

Iliniuma, sifichi. Mimi kifungua mimba! Baba aliniona usoni. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya fistula yake, mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, pale mshipa ulipovimba kama kamba chini ya ngozi. Nikausikia ukitetema vidoleni, damu ikikimbia bila kupumzika.

"Wewe ukiisikia hii bado inatetema, hutakubali kuniachilia," alisema. "Mwenzio atalia, lakini atawaambia nilichosema."

Sikumjibu, maana alikuwa amenisoma sawasawa. Mdogo wangu alikuwa ameinama, machozi yanamdondokea mapajani.

Baba akatia sahihi, kisha akaiomba kalamu tena. Daktari alikuwa amemweleza kwamba karatasi ile anaweza kuibadilisha wakati wowote. Basi akaandika chini kabisa, herufi zikipanda na kushuka: "Leo bado naitaka mashine. Keshokutwa anipeleke mkubwa."