Kina cha maji peke yake hakinitoshi

Mtu akiniletea daftari la vina vya maji kutoka kwenye banio, yaani kizuizi kilichokatiza mto, lenye malango ya kupanda na kushuka, swali langu la kwanza ni moja: malango yalikuwa wapi? Kama hakuandika, daftari naliweka pembeni.

Banio la zege lisilosogea halina usumbufu mwingi. Maji hupita juu ya ukingo, na kina kilicho juu ya ukingo huo kikiongezeka mara 2, mtiririko huongezeka karibu mara 2.8. Lango linaloinuliwa ili maji yapite chini yake lina tabia nyingine kabisa: kina cha nyuma yake kikiongezeka mara 2, maji yanayotoka huongezeka mara 1.4 hivi. Na maji ya upande wa chini yakipanda mpaka yakauzamisha mdomo wa lango, hata hesabu hiyo huvurugika, inabidi upime pande zote mbili. Ndiyo maana mita 2 za maji nyuma ya banio zaweza kuwa mto mdogo uliobanwa, au mafuriko yanayopita malango yakiwa wazi.

Ukali wangu hasa unatokana na mashapo, yaani tope, mchanga na kokoto zinazobebwa na mto. Lango la kulala, lile linaloinamishwa badala ya kuinuliwa, hupitisha maji juu yake: tope laini linakwenda zake, mchanga mzito na kokoto vinabaki nyuma. Siku lango la chini likifunguliwa, rundo lile linachomoka kwa pamoja. Sampuli mbili za maji zilizochotwa kabla na baada ya hapo, ukiziacha zitulie, utadhani ni za mito miwili.

Wengi huchora mstari mmoja wa mashapo dhidi ya mtiririko kwenye karatasi ya logi, ambayo kila hatua yake ni kuzidisha badala ya kujumlisha, kisha wanajumlisha mwaka mzima. Mstari unapendeza, sikatai. Ila kuzigeuza logi ziwe tena kiasi halisi cha mashapo bila marekebisho kwa kawaida hutoa jumla pungufu. Isitoshe, mafuriko yanapopanda mara nyingi hubeba tope jingi kuliko yanaposhuka, ingawa mtiririko ni uleule. Mimi huchora mistari miwili, wa maji yakipanda na wa yakishuka, na vipimo vya siku ya kusafisha malango navitenga kwa rangi yake.

Mchanga unaoburuzwa chini naukadiria kwa fomula ya Meyer-Peter na Müller ya 1948. Ilitokana na majaribio ya mifereji ya maabara, kwa hiyo jibu lake likiwa kubwa au dogo kuliko la mto kwa mara mbili au tatu sishangai. Naiamini zaidi mashua na kamba ya kupimia kina nyuma ya banio, kabla na baada ya mvua. Chupa za sampuli zikisema tope lote limepita huku sakafu ya mto imepanda nusu mita, nafuata sakafu.