Ndugu Wanne Kutoka Lisbon Hadi Granada

Tulipokubaliana kusafiri pamoja, sisi wanne wa tumbo moja, mzozo wa kwanza ulikuwa wa miji. Kitinda mimba wetu, anayesoma Uingereza, alitaka Roma. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Malindi, hakujali ni wapi mradi chakula cha halali kipatikane. Mimi nilitaka popote penye bahari. Kaka, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi Muscat, ndiye aliyetushinda kwa hoja. Alisema kwamba sisi tumelelewa Mji wa Kale wa Mombasa, karibu kabisa na Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Wareno, na kwamba hata huko Muscat kila akipita bandarini huziona ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya majabali. Basi ilikuwa zamu yetu kwenda kwao. Kwa kuwa viza ya Schengen hutosha kwa Ureno na Hispania pia, tulipanga kuanzia Lisbon, kupitia Sevilla na Córdoba, na kuishia Granada. Kila mmoja alitoa mchango wake wa yuro, na fedha zote zikawekwa mikononi mwa dada, maana tangu utotoni ni yeye aliyetutunzia hela za sikukuu.

Lisbon ni mji wa vilima, na vijiwe vyeupe vilivyotandazwa njiani vimesuguliwa na nyayo hata vinateleza pasipo mvua. Tramu namba 28, ambayo kila mgeni huambiwa aipande, ilikuwa imefurika watalii wenzetu, kwa hiyo tulipanda kwa miguu mitaa ya Alfama, yenye vichochoro vyembamba na nguo zilizoanikwa madirishani, ambamo dada alijiona yuko kwao kabisa. Chini yake, mtaa wa Baixa umenyooka kama uliopigwa rula, kwa sababu ulijengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, ambalo pamoja na moto na mawimbi ya bahari liliuangamiza mji wa zamani.

Lakini tulichokifuata kilikuwa Belém, kwenye kingo za mto Tagus, iliko Monasteri ya Jerónimos. Mfalme Manuel wa Kwanza aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa kwa kodi ya karibu asilimia 5 iliyotozwa biashara ya Afrika na ya Mashariki. Mafundi walichonga kamba za merikebu katika mawe ya nguzo na milango, kwa ufundi ambao ni vigumu kuuchukia hata ukitaka. Ukiingia kanisani unakutana na kaburi la Vasco da Gama, sanamu yake imelala chali na viganja vimekutanishwa kifuani, na ubavuni mwa jeneza la mawe imechongwa jahazi yake. Alifariki Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa baadaye sana, mwaka 1880. Upande wa pili limewekwa kaburi la mshairi Luís de Camões, ambaye katika utenzi wake aliisawiri Mombasa kuwa mji wa hila na Malindi kuwa mji wa ukarimu. Kaka alipotueleza hayo, dada hakuweza kuficha furaha yake.

“Mwaona? Hata washairi wao wajua Malindi kuna watu wa heshima.”

“Dada, heshima hiyo ndiyo iliyompa da Gama rubani wa kumvusha hadi India,” kaka alimjibu.

Walibishana kwa sauti ya chini hadi nje, na kwa kweli wote wawili walikuwa na haki, kwa kuwa mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama wake na Mombasa kabla Mreno yeyote hajatia nanga. Mimi nilibaki nikihesabu miaka. Mwaka 1505, jemadari wa Kireno Francisco de Almeida alipoipora na kuichoma Mombasa, huku Belém ujenzi ulikuwa bado mchanga, na sijui jinsi ya kulitazama kanisa lile bila kuziweka tarehe hizo bega kwa bega.

Safari ya basi hadi Sevilla ilikuwa ndefu na haina la kusimulia, isipokuwa saa zetu zilisogezwa mbele saa moja tulipovuka mpaka. Sevilla, tulipanda mnara wa Giralda, uliokuwa wa msikiti kabla ya kugeuzwa kuwa mnara wa kengele wa kanisa kuu. Hauna ngazi ila miteremko 35 inayozunguka ndani, ambayo husemwa ilijengwa hivyo ili mwadhini apande juu akiwa amepanda farasi, na magoti ya dada yalimshukuru mjenzi wake.

Córdoba ndiyo iliyotunyamazisha. Msikiti wake mkuu ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, na leo ndani yake kuna nguzo 856, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya kale zaidi, ndiyo maana rangi na vichwa vyake havifanani. Juu yake yamepangwa matao ya mawe meupe na matofali mekundu, na katikati ya msitu huo limesimikwa kanisa zima la karne ya 16. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Dada alisimama mbele ya mihrabu, mikono imeshuka, akiitazama michoro ya dhahabu, huku mlinzi akimtazama yeye. Kaka alitoa dira ya simu na kututhibitishia kwamba ukuta wa kibla umeelekea kusini zaidi kuliko Makka, jambo ambalo wanahistoria wanalieleza kwa njia mbalimbali, na wao wawili wakapata mada mpya ya ubishi.

Granada tuliona Alhambra, ngome ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri, kwa tiketi yenye saa maalumu ya kuingia majumba yao, na kaka alitusomea kutani, tena na tena, maneno ya Kiarabu yasemayo kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mji huo ulisalimishwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Albaicín, uko msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na hapo ndipo dada aliposwali rakaa zake bila kutazamwa na mtu.

Jioni hiyo alitugawia salio la fedha, senti kwa senti. Kitinda mimba aliidai Roma yake kwa safari ijayo, kaka akapendekeza Palermo kwa kuwa huko nako Waarabu waliwahi kutawala, na dada akawaambia kwamba atakayechagua mji ndiye atakayebeba mkoba.