Siku Moja Maishani Mwangu: Mtaji wa Kazi ya Kusindikiza Wateja Nairobi

Saa mbili asubuhi. Kabla ya chai nameza kidonge cha PrEP, dawa inayomkinga mtu asiye na virusi vya UKIMWI asiambukizwe, ambayo serikali ilianza kuisambaza nchini mwaka 2017. Haizuii kaswende wala kisonono, kwa hivyo kondomu inabaki pale pale.

Saa tatu nafungua daftari la hesabu. Wengi wanaotaka kuingia katika kazi hii ya ngono, wanawake watu wazima wanaojitegemea bila wakala, hudhani kwamba mtaji ni nguo na picha. Mimi nilinunua simu ya mtumba kwa shilingi 9,000 na laini ya pili ambayo jamaa zangu hawaijui, nikamlipa mpiga picha 4,000 kwa picha zisizoonyesha uso wala dirisha la nyumbani kwangu, na nguo nikazitafuta katika soko la mitumba la Gikomba. Gharama iliyoyapita hayo yote ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili, niliyoiweka kando kabla sijampokea mteja hata mmoja, pamoja na nauli ya teksi ya kurudi nyumbani saa yoyote ya usiku. Anayeanza akiwa anadaiwa na mwenye nyumba hawezi kukataa, na katika kazi hii uwezo wa kukataa ndio ulinzi wenyewe. Ningemshauri mtu aahirishe picha lakini asiahirishe akiba hiyo.

Saa tano niko kliniki, katika kituo kinachowahudumia wafanyakazi wa ngono, ambako kila baada ya miezi mitatu napimwa na kupewa dawa, kondomu na vilainishi bila malipo. Dada mmoja mgeni katika kazi ananisogelea kwenye benchi.

“Dada, kuna mteja ameahidi kulipa mara mbili nikienda kwake usiku. Niende?”

“Nani atajua uko wapi?”

Ananyamaza. Namwambia basi asiende, na kwamba malipo yaliyozidi kiasi bila sababu ni jambo la kuulizia. Namweleza pia lile ambalo kila mmoja wetu anapaswa kulijua kabla halijamfika: akibakwa, au kondomu ikipasuka, dawa za PEP, zinazozuia virusi vya UKIMWI baada ya mtu kukutana navyo, huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha humezwa kwa siku 28. Aliyebakwa aende hospitali kabla ya kuoga ili ushahidi usipotee, na 1195, namba ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

Saa nane mchana napokea simu. Sijibu ujumbe wa kwanza kwa bei. Nataka kwanza kusikia sauti. Anayetukana, anayebishana kuhusu kondomu au anayekataa kutaja jina namwacha hapo hapo. Namba yake naiingiza kwenye M-Pesa nione jina litakalojitokeza, nililinganishe na alilonitajia, kisha naomba amana, yaani malipo ya awali, kupitia Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa malipo ya kawaida yanaweza kuombewa kurudishwa na aliyetuma. Salio nalithibitisha mwenyewe, kwa maana ujumbe wa kughushi wa malipo umeshawaliza wengi.

Saa kumi nazungumza na rafiki ninayefanya naye kazi ya kulindana. Hatukodi nyumba ya pamoja wala hatuajiri mlinzi, kwa sababu vifungu vya 153 na 154 vya Kanuni ya Adhabu vinamshtaki anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na sheria hiyo, kwa maoni yangu, inatunyima ulinzi kuliko inavyotulinda. Tunabaki na ujumbe wa simu. Namba ya wakili naiandika kwenye karatasi, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza mtu akikamatwa. Ibara ya 49 ya Katiba inanipa haki ya kunyamaza, kuwa na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Saa moja usiku nafika katika hoteli moja Westlands. Tulikubaliana tukutane mkahawani, penye watu na kamera. Namtumia rafiki jina la hoteli, namba ya mteja na saa nitakayompigia. Nisipopiga, yeye atapiga, na nikimwuliza kama mama amefika salama, ataelewa kwamba nahitaji msaada. Naagiza soda, inafunguliwa mbele yangu, na naishika mkononi. Baada ya mazungumzo mafupi mteja anasema amebadilisha mpango, ana nyumba ya kukodi kwa siku Kilimani, na gari linasubiri nje. Tangu mauaji ya wanawake katika nyumba za namna hiyo Januari 2024, yaliyowaleta watu barabarani tarehe 27 mwezi huo, siingii katika nyumba ambayo sikuijua mapema. Nakataa kwa upole, naye anapandisha sauti. Nasogea hadi kaunta ya mapokezi, naita teksi, nalinganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu, naondoka. Amana hairudishwi, hilo aliambiwa mchana.

Saa nne nimo nyumbani. Nampigia rafiki. Namba ya mteja naituma kwa wenzangu pamoja na maelezo: alibadilisha mahali ghafla, alifoka alipokataliwa, gari lilikuwa na dereva mwingine ndani. Kisha kutoka kwenye amana naondoa nauli ya usiku huu na ya kesho, na kinachobaki nakiandika upande wa kodi.